Kupima mlango wa kizazi kijijini: panga ukianzia mwisho

Mara ya kwanza niliposhiriki siku ya kupima saratani ya mlango wa kizazi nje ya hospitali, tulikwenda kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria. Hema lilifungwa chini ya mwembe, muziki ukapigwa, na wanawake wakaanza kufika kabla jua halijapanda. Tulipima 41. Wanne walikutwa na mabadiliko ya awali, yale yanayotibika kwa dakika chache. Mashine ya kutibu ilikuwa hospitali ya wilaya, ng'ambo ya maji, na nauli ya kwenda na kurudi ingemlia mchuuzi wa dagaa mtaji wake wote. Tukawaandikia barua za rufaa, tukawaambia waende Jumatatu. Alikwenda mmoja. Wale watatu tuliwaachia karatasi na hofu.

Tangu siku ile napanga kinyumenyume. Kabla ya tangazo, kabla ya hema, najiuliza: mwanamke wa kwanza atakayekutwa na shida atatibiwa wapi, na nani, saa ngapi, kwa nauli ya nani? Nikikosa jibu, siku hiyo haijaiva. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa kufuata swali hilo. Nawaandikia wauguzi wa zahanati, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, viongozi wa vikundi vya akina mama, na yeyote mwenye kijiji ambacho huduma hii haifiki. Mifano yangu ni ya Tanzania, kwa kuwa ndiko ninakofanya kazi.

Kwanza jua unachokizuia

Hapa Tanzania hakuna saratani inayoua wanawake wengi kuliko hii. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500 ndani ya mwaka mmoja. Chanzo chake ni kirusi kinachoitwa HPV, hasa aina ya 16 na ya 18. Hizo mbili tu huchangia takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Kirusi chenyewe ni cha kawaida mno. Watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani, na mwili hukiondoa bila mwenyewe kujua. Kwa wachache hakiondoki. Kinakaa, kinabadilisha chembe za mlango wa kizazi polepole, na kutoka hapo hadi saratani kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye VVU ambaye hatumii dawa, muda huo unaweza kufupika hadi miaka 5 au 10.

Miaka hiyo yote mwanamke hasikii maumivu wala haoni damu. Ndiyo maana utasikia kila mara: "Mimi siumwi, nipimwe nini?" Usimkasirikie anayesema hivyo. Mfano ninaoutumia ni wa gunia la mahindi. Dumuzi akishaingia, gunia kwa nje linaonekana zima. Mwenye akili halingoji mpaka unga uanze kumwagika, analifungua akague. Kila mkulima anaelewa hapo hapo.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza malengo ya kufikiwa ifikapo 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na miaka 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Watu wengi hukumbuka namba mbili za kwanza. Ya tatu ndiyo iliyowapotea wale wanawake wetu watatu.

Hatua ya 1: Pata tiba kabla ya kupata kipimo

Nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na uonane pia na mratibu wa huduma za afya ya uzazi na mtoto. Swali lako la kwanza liwe mashine ya kutibu. Kuna aina mbili utakazokutana nazo. Tiba mgando hutumia gesi kugandisha sehemu yenye mabadiliko: dakika 3 za kugandisha, dakika 5 za kuacha iyeyuke, kisha dakika 3 tena. Inafanya kazi vizuri, ila mtungi wa gesi ni mzito, na gesi ikiisha katikati ya siku umekwama. Ya pili ni tiba ya joto, kichwa kidogo cha chuma kinachopashwa hadi nyuzi joto 100 au zaidi na kugusishwa mlango wa kizazi kwa sekunde 20 hadi 30. Kuna mashine za aina hii zinazoshikwa mkononi na kutumia betri. Hizo zinapanda bodaboda, zinapanda mtumbwi. Ukipewa nafasi ya kuchagua kwa ajili ya kijijini, chukua hiyo ya joto.

Muulize pia nani amefunzwa kuitumia. Mashine kabatini bila mtu ni sawa na kutokuwa nayo. Uliza kama mtu huyo anaweza kuondoka kituoni kwake siku nzima, na nani atakaa zamu yake. Mambo haya madogo ndiyo huvunja safari.

Kisha tafuta njia ya wale ambao mashine haiwafai. Mabadiliko yakiwa yamefunika zaidi ya robo tatu ya mlango wa kizazi, au yameingia ndani ya njia yake, hayatibiwi kwa joto wala kwa mgando. Huyo anahitaji kukatwa sehemu hiyo kwa waya wa umeme, na kazi hiyo ni ya hospitali. Na anayeonekana kuwa na saratani yenyewe anahitaji kukatwa kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi. Andika jina la hospitali, siku ya kliniki yake, gharama, na namba ya simu ya mtu mmoja huko anayejua kwamba mnakuja. Mpigie umsikie sauti. Barua ya rufaa isiyo na mtu upande wa pili haifiki popote.

Mwisho, nauli. Tenga fedha za watu wachache kabla ya kununua hata fulana moja. Mimi hupanga kwa makisio ya mwanamke mmoja kati ya kila kumi kuhitaji tiba ya aina fulani, na hupandisha makisio hayo pale wanaoishi na VVU wanapokuwa wengi. Fedha ikibaki, inangoja safari ijayo.

Hatua ya 2: Chagua kipimo kinacholingana na mlicho nacho

Kipimo ambacho zahanati nyingi zinakimudu ni kile cha siki. Muuguzi anapaka asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika nzima, kisha anaangalia. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe yenye kingo zinazoonekana. Uzuri wake ni kwamba majibu yanapatikana palepale, kwa hiyo tiba nayo inaweza kutolewa palepale. Udhaifu wake ni jicho: watu wawili wanaweza kuona tofauti. Kwa hiyo mpeleke muuguzi mwenye uzoefu, na kama inawezekana wawe wawili washauriane. Kipimo hiki pia hakimfai sana mwanamke aliyekwisha koma hedhi, kwani sehemu inayotakiwa kuonekana huwa imejivuta ndani.

Kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe cha HPV ni kizuri zaidi, na tangu 2021 ndicho Shirika la Afya Duniani linachokipendekeza kitangulie. Kina faida ambayo kwa mwanamke wa kijijini ni kubwa kuliko zote: anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Anapewa kijiti chenye pamba, anaingia nyuma ya pazia, anakiingiza ukeni, anakizungusha, anakirudisha kwenye chupa. Hakuna kulala kitandani, hakuna kufunuliwa. Nimeona wanawake waliokataa kitanda miaka yote wakikubali kijiti. Mashine ya GeneXpert, ambayo hospitali nyingi zinayo kwa ajili ya kifua kikuu, inaweza kupima HPV kwa muda wa saa moja hivi endapo vibweta vya kipimo hicho vipo. Uliza wilayani kwako. Usidhani havipo kabla ya kuuliza. Ila kumbuka, sampuli ikipelekwa mbali na majibu yakarudi baada ya wiki tatu, umerudi kwenye shida ile ile ya barua. Anayekutwa na kirusi bado anatakiwa kuangaliwa na kutibiwa. Panga siku ya kurudi kabla hujaondoka.

Wa kupimwa ni wanawake kuanzia miaka 30 hadi 49, na kwa wanaoishi na VVU anza miaka 25. Kwa kipimo cha siki, asiye na shida arudi baada ya miaka 3. Kwa kipimo cha HPV, miaka 5 hadi 10. Mwenye VVU miaka 3 hadi 5.

Hatua ya 3: Tarehe na ruhusa

Barua iende kwa mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji, nakala kwa mwenyekiti. Mueleze mganga mfawidhi wa zahanati mapema ili asijione amevamiwa.

Tarehe usiichague ofisini. Msimu wa kupanda na wa kuvuna hakuna atakayekuja. Siku ya mnada huwa nzuri pale wanawake wanapokuja kununua tu, na mbaya pale wao ndio wauzaji. Kwenye mialo ya dagaa, siku za mwezi mkubwa uvuvi hupungua na akina mama wanaoanika dagaa hupata nafasi. Nilielezwa hilo na mchuuzi mmoja wakati mimi nilikuwa nimeshapanga wiki ya giza, wiki ambayo hakuna anayelala. Waulize wao.

Panga siku mbili, si moja, zipishane kama wiki mbili. Aliye kwenye hedhi siku ya kwanza hawezi kupimwa kwa siki, na ukimwambia "tutarudi siku nyingine" bila tarehe, umempoteza. Tarehe zote mbili ziwe kwenye tangazo moja.

Hatua ya 4: Zungumza, na anza na wasiokuja

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Muziki na kipaza sauti huwaleta wale wale: walio karibu na barabara, wenye kikundi, wenye mume aliyekubali. Kaa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mwandike kwa kitongoji ni akina nani hawajawahi kuonekana kliniki. Orodha yangu karibu kila mara huwa na hawa: wafanyakazi wa ndani na wahudumu wa baa, wake wa wafugaji wanaohama na mifugo, wanawake wa kambi za wavuvi na machimbo, wenye ulemavu, viziwi, na akina mama waliokwisha pita umri wa kuzaa, ambao kliniki ya mama na mtoto haina tena sababu ya kuwaita. Kila kundi lina mlango wake. Mhudumu wa baa anapatikana asubuhi, kabla hajaanza kazi. Mfanyakazi wa ndani hatoki bila ruhusa ya mama mwenye nyumba, kwa hiyo mwalike mama mwenye nyumba, umwambie waje wote wawili. Kwa wafugaji, tafuta mwanamke wa kwao anayezungumza lugha yao vizuri, naye aingie chumbani kama mgonjwa anataka. Na wanaoishi na VVU wako tayari kwenye kliniki ya tiba na matunzo kila wanapochukua dawa: waambie huko, kwa faragha, kwa sababu hatari yao ni takriban mara 6 ya wengine.

Maneno nayo yana uzito. Nakumbuka mazungumzo na mama mmoja wa makamo kisimani:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyie ndio mnaokuja kutoa watu vizazi?"

"Hapana mama. Tunaangalia mlango wa kizazi tu, kama unavyoangalia koo la mtoto kwa tochi. Hakitolewi kitu."

"Mbona mke wa jirani alikwenda mjini akarudi hana kizazi?"

"Huyo alichelewa, mama. Sisi tunaangalia mapema ili isifike huko."

Alinyamaza kidogo, akauliza kilichokuwa moyoni: "Anayeangalia ni mwanamume?"

Swali hilo wengi hawaliulizi, wanaacha tu kuja. Kwa hiyo liseme kwenye kila tangazo: watakaopima ni wanawake, chumba kina mlango, utafunikwa kwa khanga. Kama mpimaji ni mwanamume, sema ukweli, na eleza kwamba atakuwepo muuguzi wa kike chumbani muda wote.

Hofu nyingine kubwa ni ndoa. Mwanamke akisikia kirusi kinaambukizwa kwa kujamiiana, anawaza mume atasema nini. Mume akisikia, anawaza yake. Usifiche njia ya maambukizi, maana watakuja kuisikia kwa mwingine na uaminifu wako utaisha. Sema yote mawili pamoja: kinaambukizwa hivyo, na kinaweza kukaa kimya mwilini miaka mingi, kwa hiyo kukutwa nacho leo hakumwambii mtu kilitoka wapi wala lini. Rudia sentensi hiyo mpaka wahudumu wako waijue kwa moyo. Kisha uiseme mbele ya wanaume. Wafuate walipo, mwaloni wakitengeneza nyavu, kijiweni cha bodaboda, msikitini baada ya swala kwa idhini ya imamu, kanisani baada ya ibada. Dakika kumi zinatosha. Mwanaume aliyeelezwa kwa heshima mara nyingi ndiye humleta mkewe kwa pikipiki.

Usitumie picha za saratani iliyokomaa. Niliwahi kuziona zikibandikwa ukutani siku ya upimaji, na wanawake wakageuka mlangoni.

Hatua ya 5: Chumba na vifaa

Hema halifai. Tafuta chumba chenye mlango unaofungwa: zahanati, ofisi ya kijiji, darasa wakati wa likizo. Madirisha yazibwe kwa khanga. Benchi la kungojea liwe mbali kiasi kwamba anayengoja hasikii kinachosemwa ndani. Kitanda cha kupimia kikikosekana, meza imara yenye godoro jembamba inatosha. Weka na stuli ya kupandia, na kwa mwenye ulemavu wa miguu andaa wanawake wawili wenye nguvu wa kumsaidia, aulizwe kwanza anapenda ashikwe vipi.

Hesabu spekula, vile vifaa vya kupanulia uke ili mlango wa kizazi uonekane, kuliko kitu kingine chochote. Muuguzi mmoja anayefanya kazi kwa utulivu, kwa uzoefu wangu, hapimi zaidi ya wanawake 25 kwa siku. Kama spekula ziko 10, maana yake mtu mmoja kazi yake iwe ni kuosha na kutakasa tu: kuosha kwa sabuni na brashi, kisha mashine ya mvuke, au kuchemsha dakika 20 zikiwa zimezama kabisa na maji yakiwa yanatokota. Beba saizi tofauti, ikiwemo ndogo. Aliyekeketwa au ambaye hajazaa anaumizwa bure na spekula kubwa. Vingine: siki au asidi asetiki, pamba, vijiti virefu, glavu, tochi ya kichwani na betri za ziada, ndoo za maji, sabuni, taulo za kike kwa watakaotibiwa, kondomu, na karatasi za rufaa.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Mpokeaji awe mtu anayefahamika kijijini lakini asiyeropoka. Kila mwanamke aelezwe peke yake kitakachofanyika, akubali kwa hiari, akojoe kwanza. Muulize kama ana mimba, kama yuko kwenye hedhi, na maswali matatu yasiyorukwa: unatoka damu baada ya tendo la ndoa? Damu katikati ya mwezi, au baada ya kukoma hedhi? Uchafu wenye harufu kali usioisha? Akisema ndiyo, huyo anatangulia bila kujali umri wake, na hata kama kipimo cha siki hakimfai, lazima aangaliwe kwa spekula.

Chumbani, mweleze kila unachofanya kabla ya kukifanya. "Mama, sasa utasikia ubaridi. Sasa nitapaka siki, itawasha kidogo." Akisema acha, acha. Dakika ya kusubiri baada ya siki ihesabiwe kwa saa, isikisiwe. Wengi huharakisha hapo na kukosa kuona. Mjamzito hatibiwi kwa joto wala mgando. Mwandike aje baada ya kujifungua.

Majibu yatolewe hapo hapo, kwake peke yake. Neno "saratani" usilitumie kwa mwenye mabadiliko ya awali kana kwamba tayari anayo. Mimi husema: "Kuna sehemu ndogo imeanza kubadilika. Si saratani. Tukiitibu leo, tunaizuia isifike huko."

Hatua ya 7: Tiba, na mwezi unaofuata

Anayefaa kutibiwa atibiwe siku hiyo hiyo kama yuko tayari. Wengine huomba kwanza wakazungumze nyumbani. Mpe saa ya kurudi kabla hujafunga vifaa, au siku ya pili mliyopanga. Tiba ya joto huleta maumivu kama ya hedhi kwa muda mfupi.

Pagumu ni baada ya hapo. Atatokwa na majimaji mengi ukeni, hata wiki nne, na asipojua atadhani ameharibiwa, kijiji kizima kitasikia, na safari yako ya pili haitakuwa na mtu. Mweleze, mpe taulo. Mwambie asijamiiane kwa wiki 4, na asijisafishe ndani kwa sabuni, ndimu wala dawa yoyote. Akijua kwamba nyumbani hilo la wiki 4 haliwezekani, mpe kondomu bila kumhukumu. Kidonda kibichi hurahisisha maambukizi ya VVU, kwake na kwa mwenzake. Muulize: "Unataka nizungumze na baba?" Wengi wanakubali, na muuguzi akimweleza mume kama agizo la hospitali, ugomvi unapungua. Arudi haraka akipata homa, maumivu makali ya tumbo, au damu nyingi kuliko hedhi. Kipimo cha kuhakikisha amepona ni baada ya miezi 12.

Hatua ya 8: Unapoona saratani

Utaiona siku moja: uvimbe, kidonda kinachotoka damu ukikigusa. Usipake kitu zaidi, usichome. Funga mlango, kaa naye. Mwambie umeona kidonda kinachohitaji daktari bingwa na uchunguzi wa kipande kidogo cha nyama, na kwamba utaratibu umeshaandaliwa. Muulize nani nyumbani angependa ajue. Mpigie yule mtu wa hospitali akiwa ameketi hapo hapo, apewe siku. Mhudumu wa jamii amsindikize safari ya kwanza. Asiye na uwezo apitie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuomba msamaha wa gharama, na barua ya mtendaji wa kijiji ya kuthibitisha hali yake aondoke nayo mkononi, kwani kurudi kuifuata ni nauli nyingine. Kwa matibabu ya mionzi, wagonjwa wa Kanda ya Ziwa huenda Bugando, Mwanza. Wengine wengi huenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Huko watakaa wiki kadhaa. Nani atalea watoto, nani atakamua ng'ombe: maswali haya ni sehemu ya tiba, yaulizeni mapema.

Hatua ya 9: Binti zao

Mama aliyetoka kupimwa ndiye msikilizaji bora wa habari za chanjo. Tanzania ilianza kuchanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima Aprili 2018, na Aprili 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ni bure. Kubwa linalosemwa mitaani ni kwamba inafunga kizazi. Mwambie ni kinyume chake, inakilinda. Na kama anadhani dozi moja ni majaribio ya wazungu kwa watoto wetu, mwambie kwamba utafiti mmoja mkubwa uliosaidia kuithibitisha ulifanyika hapa kwetu Mwanza, kwa wasichana 930 ambao wazazi wao waliridhia.

Wanaoachwa ni wasiokuwa shuleni, kwani chanjo nyingi hutolewa shuleni. Mwombe mratibu wa chanjo wa wilaya aje na boksi lake la baridi siku hiyo. Binti anayeishi na VVU dozi moja haimtoshi. Anatakiwa kupata angalau mbili, na ikiwezekana tatu. Azungumze na kliniki yake.

Hatua ya 10: Kitabu

Daftari gumu, mistari iliyopigwa kwa rula. Jina, kitongoji, umri, majibu, tiba, tarehe ya kurudi, na alama ya kwamba amerudi. Namba ya simu iandikwe pamoja na swali moja: simu hii ni ya nani? Mara nyingi ni ya mume au ya jirani. Kubalianeni maneno ambayo yeye ataelewa na mwingine hataelewa. Kwetu tuliwahi kutumia "njoo uchukue kadi yako ya kikundi". Daftari likae kabatini kwenye zahanati, lenye kufuli, na wahudumu wa jamii wapewe majina ya kitongoji chao tu, bila majibu.

Wiki mbili baada ya safari, kaa na daftari hilo na mwenzako mmoja. Weka rula chini ya kila mwenye rufaa na umpigie, au mhudumu amtembelee. Anayesema ameshakwenda, aonyeshe karatasi. Asiyekwenda, muulize kilichomzuia na uandike pembeni kwa maneno yake: nauli, mume, mtoto anaumwa, niliogopa. Maneno hayo ndiyo yatakayokuonyesha fedha za safari ijayo ziende wapi. Kisha fungua ukurasa wa wale waliotibiwa, hesabu miezi 12 mbele, na uandike tarehe hizo kwenye kalenda ya zahanati kabla hujaanza kutafuta kijiji kingine.